Umeme mkubwa: mwongozo kamili wa kuzima laini ya 11 kV na 33 kV, kuipima na kuifunga ethi kabla hujaigusa

Nimefundisha hili somo kwa vijana wa makontrakta mara nyingi mpaka najua watakosea wapi kabla hawajakosea. Mtihani wa karatasi wanapata zote. Ukiwapeleka kwenye nguzo ya mafunzo yenye transfoma ukawaambia haya zimeni muanze kazi, wanashusha fyuzi tatu vizuri kabisa, afu unageuka unakuta mmoja ashavaa mkanda anapanda. Unamuuliza we unaenda wapi? Anakujibu "si tumezima mkuu".

Hapo ndo watu wanapofia. Kuzima laini ni jambo moja, na laini kuwa imekufa ni jambo lingine, katikati kuna hatua kama nne ambazo watu wanaziruka kwasababu jua kali, mteja anapiga kelele na foremani anaangalia saa.

Mwongozo huu ni wa kazi kwenye laini iliyozimwa, 11 na 33 kV (kilovolti, yaani volti 11,000 na 33,000), zile zilizojaa mitaani na vijijini kwetu Tanzania (Kenya nao wanazo hizohizo). Kazi ya laini ikiwa hai ni shule nyingine, siigusi hapa. Na kama we ni kishoka, yaani huna leseni ya EWURA (mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji) na mwenye laini hajakuidhinisha, soma ujue hatari lakini usipande, huku hakufanani na waya za nyumba.

## Vitu vya kuwa navyo kabla gari halijatoka yadi

- Mchoro wa laini wa sasa, sio ule wa miaka mitano iliyopita uliopigwa picha kwa simu.
- Kibali cha kazi kilichoandikwa, na redio au simu yenye chaji ya kuongea na kontroli (chumba kinachoongoza kuwasha na kuzima laini).
- Fimbo ya fiberglasi ya kushushia fyuzi, kavu, safi, haina mikwaruzo mirefu.
- Glavu za mpira za daraja sahihi, na glavu za ngozi za kuvaa juu yake.
- Testa ya umeme mkubwa ya volti ya laini unayoiendea, pamoja na kifaa cha kuijaribia.
- Ethi za muda (waya za kuunganisha laini na ardhi) seti mbili, na ethi rodi, yaani chuma cha kugongea chini.
- Kufuli, kila mtu ya kwake na funguo yake, na vibao vya USIWASHE, WATU WANAFANYA KAZI.
- Helmeti yenye ngao ya uso, nguo za pamba au zile zisizoshika moto, buti, mkanda wa kupandia.
- Koni na utepe wa kuzungushia eneo, na boksi la huduma ya kwanza.

Kwenye glavu tukae kidogo maana hapa kuna ujinga mwingi. Glavu zinapangwa kwa daraja na rangi ya lebo. Daraja 0 lebo nyekundu mwisho volti 1,000. Daraja 2 lebo ya njano mwisho 17,000, hiyo ndo ya 11 kV. Daraja 4 lebo ya chungwa mwisho 36,000, hiyo ndo ya 33 kV. Nimeshakuta mtu kavaa nyekundu kwenye 33, ananiambia "mpira ni mpira". Angalia na tarehe ya kupimwa maabara, ikishapita miezi sita iweke pembeni hata kama inang'aa.

Kila asubuhi ijaze hewa: shika mdomo wa glavu, ukunje ukiviringisha kuelekea kwenye vidole mpaka itune kama puto, afu isogeze shavuni usikilize. Ukisikia hewa inapita hata kidogo, ikate kwa kisu palepale. Usiitupe nzima, kuna mtu ataiokota.

Nguo za nailoni na poliesta acha nyumbani. Cheche kubwa ya umeme inaweza kufika nyuzi joto kama 20,000, jezi yako ya timu itayeyuka na kugandia kwenye ngozi, na hapo daktari anaibandua na ngozi yenyewe.

## Hatua ya 1: Tafuta njia zote ambazo umeme unaweza kukufikia

Kaeni chini na mchoro kabla ya kugusa kitu. Swali sio "umeme unatoka wapi". Swali ni "unaweza kutoka wapi vingine". Kuna laini ya pili inayoungana mbele kwa swichi. Kuna laini nyingine inapita juu ya yenu au sambamba nayo, hiyo inaweza kuambukiza volti kwenye laini yenu bila kuigusa. Kuna kapasita (vifaa vya laini vinavyohifadhi chaji), kuna kebo ndefu ya chini ya ardhi inayobaki na chaji. Na kuna majenereta na sola za watu.

Hili la jenereta wengi hawaliamini mpaka walione. Transfoma haijui juu wala chini. Ukiipa 11,000 juu inakupa 400 chini, na ukiipa 400 chini inakurudishia 11,000 juu. Kwahiyo mtu mwenye jenereta asiye na changeova (swichi ya kutenganisha jenereta na laini), aliyeichomeka kwenye soketi kwa waya wenye plagi pande zote mbili, anaweza kuiwasha laini uliyoizima wewe kwa mkono wako.

Nilishakutana nalo. Tulikuwa na kazi kwenye tawi la 33, tumeshusha fyuzi za tawi tatu zote, mirija yake (ile inayobeba waya wa fyuzi) iko chini kwenye turubai naiona. Kijana akainua testa, fezi ya kwanza (laini ina waya tatu, kila mmoja ni fezi) kimya. Ya pili ikalia. Akaishusha, akaipiga kofi akidhani ni betri, akairudisha, ikalia tena, na ya tatu nayo ikalia. Tukaanza kufuata laini kwa miguu. Kilomita mbili mbele kuna kijiji kimeungwa juzi tu, wateja hawafiki kumi, na gesti moja ambayo umeme ulipokatika mhudumu kawasha jenereta ili wageni wachaji simu. Wateja wangekuwa wengi labda jenereta ingelemewa ikazima yenyewe, lakini wachache vile ilikuwa inadunda bila shida. Kosa lilikuwa letu, tulitakiwa kushusha na fyuzi za transfoma ya kile kijiji, tukaona uvivu kwenda.

Umefaulu kama: unaweza kumuonyesha mwenzako kwa kidole kwenye mchoro kila sehemu itakayofunguliwa, pamoja na kila transfoma iliyo mbele ya eneo la kazi.

## Hatua ya 2: Kibali, na maneno ya kwenye redio

Kibali kinaandikwa jina la laini, namba ya nguzo au transfoma, sehemu zitakazofunguliwa, ethi zitakaa wapi na nani ndo mwenye dhamana ya kazi. Mtu mmoja tu. Wakiwa wawili hakuna.

Kwenye redio anayepokea maelekezo anayarudia neno kwa neno, sio "sawa sawa, copy". Akisema "transfoma namba 14" we unarudia "transfoma namba kumi na nne, moja na nne", maana kwenye mikwaruzo ya redio "fourteen" na "forty" sijui nani anazitofautisha. Mkifika nguzoni someni namba iliyoandikwa kwenye nguzo yenyewe mlinganishe na kibali. Namba imefutika? Hakuna kazi mpaka mjue mko wapi.

Onyo: msikubaliane kwa saa. Ile ya "nizimie saa nne, washa saa sita" imeshaua watu. Gari linapata pancha, mvua inawachelewesha, kule kontroli zamu imebadilika na aliyeingia anaona saa sita imefika. Laini inarudi kwa neno la mwenye kibali tu, kwamba watu wametoka na ethi zimetoka.

## Hatua ya 3: Zima kwa mpangilio

Anza chini. Zima breka kubwa ya umeme mdogo kwenye boksi la transfoma ndo upande kwenye fyuzi za juu. Sababu yake ni kwamba zile fyuzi za kudondoka za kawaida hazijatengenezwa kukata lodi, yaani umeme unaotumika. Ukizivuta wakati mtaa mzima unapika, cheche inavutika kama ulimi na inaweza kurukia fezi ya jirani.

Vaa glavu, shusha ngao ya uso, simama imara, jamaa wengine wakae mbali. Anza na fyuzi ya katikati. Kisha ile ya upande ambao upepo unaelekea. Mwisho ile ya upande upepo unakotokea. Ukiivuta ya katikati zingine mbili bado zinabeba kwahiyo cheche inakuwa ndogo, na baada ya hapo upepo unaipeleka cheche nje badala ya kuileta kwenye fezi iliyobaki hai. Wakati wa kurudisha unageuza: ya upepo unakotokea kwanza, ya katikati mwisho.

Vuta kwa mkupuo mmoja. Kama umeanza kuvuta usisite katikati, kusita ndo kunalisha cheche.

Umefaulu kama: mirija yote mitatu imeshuka na umeinyofoa kabisa kwa fimbo, ipo chini. Usiiache inaning'inia.

## Hatua ya 4: Funga na uweke alama

Kwenye swichigia ya ndani (makabati ya swichi za umeme mkubwa) ni rahisi, unaweka kufuli kwenye mpini wa breka au isoleta (swichi ya kutenganisha laini), kila mtu kufuli yake, funguo mfukoni mwake, ukutani hapana. Mkiwa sita kuna kufuli sita, na aliyeenda kununua maji bado kufuli yake iko pale.

Kwenye nguzo ya fyuzi hakuna pa kuweka kufuli. Hapo mirija ya fyuzi inafungiwa ndani ya gari, kibao kinafungwa kwenye nguzo usawa wa macho, na kama ni eneo la watu mnamuacha mtu mmoja pale chini. Niliwahi kumkuta mzee wa watu kabeba fimbo ya mwanzi anatafuta namna ya kurudisha fyuzi kwasababu samaki wake wanaharibika kwenye friji. Hana ubaya, ila hajui.

## Hatua ya 5: Pima

Hapa ndo penyewe. Na kupima ni mara tatu:

1. Jaribu testa kwenye kitu unachojua kina umeme, au kwenye kile kifaa cha kuijaribia. Lazima ilie na kuwaka.
2. Pima fezi zote tatu za laini yako, moja moja, kwa fimbo, kwa kugusa waya.
3. Rudi ujaribu tena testa pale pa kwanza. Lazima ilie tena.

Ile mara ya tatu ndo kila mtu anairuka. Testa inaweza kufa katikati ya kazi: betri imeisha, imedondoka, imeingia unyevu. Testa iliyokufa na laini iliyokufa zote zinakujibu kwa ukimya uleule. Kitufe cha kujijaribu kilichopo kwenye testa kizuri, lakini mara nyingi kinajaribu betri na king'ora, hakijaribu kama kweli inanusa umeme.

Usipime kwa kalamu ya testa ya soketi. Usipime kwa multimita ya volti 1,000, hiyo itakulipukia mkononi. Na wale wazee wa kusikiliza mvumo au kurusha mnyororo kwenye waya, naomba mstaafu nayo hiyo elimu. Waya kuwa kimya sio kipimo, nimesimama chini ya 33 iliyo hai asubuhi kavu na sikusikia kitu.

Ikilia, usianze kubishana nayo. Rudi hatua ya 1 ukaitafute gesti yako.

Umefaulu kama: testa imelia, ikanyamaza mara tatu, ikalia tena. Na mpimaji anatangaza kwa sauti wote wasikie.

## Hatua ya 6: Funga ethi

Watu wanauliza, kama nimepima hakuna umeme ethi ya nini tena? Kwasababu umepima dakika ile. Dakika kumi baadae mtu kontroli anakosea swichi, radi inapiga kilomita tano kutoka ulipo, jenereta inawashwa. Ethi ikiwepo na zile fezi tatu zimefungwa pamoja, umeme ukirudi unakutana na shoti kubwa, breka inaruka haraka, na wewe uliye juu kila unachogusa kiko kwenye volti moja au karibu na moja kwahiyo hakuna sababu ya mkondo kupita kifuani kwako.

Mpangilio wa kufunga hauna mjadala:

1. Gonga ethi rodi chini, mbali kidogo na pale watu wanaposimama, au tumia ethi ya nguzo kama ipo na ni nzima.
2. Funga upande wa chini kwanza, kaza.
3. Kisha kwa fimbo, fezi iliyo karibu na wewe, halafu inayofuata, halafu ya mwisho.

Wakati wa kutoa unageuza: fezi zote kwanza, chini mwisho kabisa. Wakati wa kufunga ukianza juu kabla ya chini, ile klampu nyingine iliyoshikwa mkononi inakuwa na volti ya laini, na we ndo ethi.

Waya wa ethi uwe wa shaba nyuzinyuzi, mnene kulingana na nguvu ya shoti ya eneo hilo, mhandisi wenu anajua. Sio ule waya wa nyumba wa milimita 2.5 niliouona site moja, huo unakatika kama uzi kabla breka haijaamua kitu. Futa kutu na masizi kwenye waya kabla ya kubana klampu. Kwenye mchanga mkavu gonga rodi mpaka izame, mwagia maji, maana rodi iliyosimama kwenye vumbi ni pambo.

Ethi ziwekwe pande zote mbili za eneo la kazi, upande wa chanzo na upande wa mbele. Ukiweka upande mmoja, ile gesti inakuja kwa upande wa pili. Na ziwe pale unapoziona ukiwa juu.

Kapasita zina kasheshe lake. Zikishazimwa subiri dakika kumi, ndani yake mna kizuizi cha kuzimaliza chaji taratibu, halafu bado unazitoa chaji kwa fimbo ya ethi kabla ya kugusa. Kebo ndefu vilevile.

## Hatua ya 7: Fanya kazi ndani ya mpaka

Zungusha utepe. Waonyeshe wote kwa kidole: kuanzia hapa mpaka hapa pamefungwa ethi, ile laini kule ng'ambo ya barabara iko hai. Ajali zinatokea kwenye ile laini ya jirani.

Kuhusu umbali, kanuni ya OSHA ya Marekani, wasimamizi wa usalama kazini (sio OSHA yetu, majina yanafanana), inataka mtu asiye na mafunzo maalum akae mita 3 na kitu kutoka laini ya mpaka 50 kV. Mimi naitumia kwa kila mtu wa site: wapaka rangi, waendesha kreni, wabeba nondo. Kumbuka 33 kV haihitaji uiguse, ukisogea vya kutosha inakuja yenyewe. Ngazi ya aluminiamu isionekane kabisa. Ukisikia ngurumo hata ya mbali shukeni.

## Hatua ya 8: Kurudisha

Hesabu watu kwa majina, sio vichwa. Hesabu zana. Kisha tangaza: "kuanzia sasa laini ichukuliwe iko hai". Baada ya tangazo ndo ethi zinatolewa. Kijana anayesema "ngoja nikaze nati moja tu" baada ya ethi kutoka, mkatalie, na kama nati hiyo ni lazima basi mnaanza tena hatua ya 5.

Kila mtu anatoa kufuli yake mwenyewe. Mwenye kibali anasaini, anaongea na kontroli, ndo mirija inarudi juu, na umeme mdogo unawashwa mwisho.

## Ikiharibika

Waya umedondoka chini: kaa mita 10 mbali. Ardhi yenyewe inakuwa na volti zinazopungua jinsi unavyoenda mbali, kwahiyo hatua ndefu ina maana mguu mmoja uko kwenye volti nyingi na mwingine kwenye chache, mkondo unapita katikati ya miguu. Kama tayari uko karibu, bana miguu pamoja uburuze kidogokidogo bila kuinua. Ukiwa ndani ya gari lililoangukiwa na waya, kaa humohumo labda kama linawaka moto, hapo unaruka miguu imebana, usishike gari na ardhi kwa pamoja.

Mwenzako kapigwa na bado ameshikwa: usimguse. Najua ni ngumu kusimama unaangalia. Kwenye umeme mkubwa ubao mkavu na ufagio wa nyumbani sio kinga, chanzo kizimwe kwanza na kithibitishwe. Piga simu 112 au Zimamoto 114 huku mwingine anashughulika na kontroli.

Akishakuwa salama kumgusa, hapumui na haitikii: mikono miwili katikati ya kifua, bonyeza sentimita 5 mpaka 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kila 30 pumzi mbili kama umefundishwa, na mpokezane maana dakika mbili tu mtu anachoka. Kuungua usipake dawa ya meno wala asali, ni maji safi ya kawaida na kitambaa kisafi.

Na akiamka akakaa akasema "niko poa, nipeni maji tu", mpeleke hospitali hivohivo. Kidonda cha nje kinaweza kuwa kama sarafu wakati ndani nyama imeungua kutoka mkono mpaka mguu, na moyo unaweza kuanza kwenda kombo masaa kadhaa baadae. Mwambie daktari ilikuwa volti ngapi, iliingilia wapi na ilitokea wapi, mwandikie kwenye karatasi kama wewe huendi naye.